Nakijwa na Pembe Isiyotaka Haraka

— Paukwa!
— Pakawa!
— Kilikuwa kichwani!
— Leo ki kiganjani!
— Aliyesinzia?
— Mwamsheni!
— Mwenye pupa?
— Akae nyuma!

Haya basi, songeni motoni. Wewe mwenye muhogo, utafune taratibu, maana hadithi hii haisimuliwi mara mbili kwa jioni moja.

Hapo zamani, zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaitikia salamu, palikuwa na vijiji viwili kwenye mteremko wa mlima mmoja. Kimoja kiliitwa Juu. Kingine kiliitwa Chini. Mfereji wa maji ulikuwa mmoja tu, uliochimbwa na mababu wa vijiji vyote viwili, na maji yake yalipita Juu kwanza, kisha yakateremka Chini.

Mvua zikinyesha vizuri, hakuna aliyesema neno. Ukaja mwaka wa kiangazi. Watu wa Juu wakaziba mfereji kwa mawe na magogo ya migomba, watu wa Chini wakapanda wakabomoa. Wakaziba, wakabomoa. Wakaziba tena, na safari hii watu wa Chini hawakupanda na majembe. Walipanda na mikuki.

Sasa, palikuwa na mwanamke jina lake Nakijwa. Alizaliwa Chini, akaolewa Juu. Mumewe Kajiru alikuwa mhunzi. Kajiru alifua visu, Nakijwa akavitia mipini, na watu walikuwa wakisema: kisu kinakata nyama kwa sababu ya Kajiru, lakini hakikukati wewe kwa sababu ya Nakijwa.

Vita ilimkalia vibaya Nakijwa kuliko wote. Akifa mtu wa Juu, alikuwa shemeji yake. Akifa mtu wa Chini, alikuwa ndugu yake. Kila matanga yalikuwa yake.

Ikafika siku wakuu wa vijiji wakachoka kuzika. Mbonea, mkuu wa Juu, na Senkondo, mkuu wa Chini, wakakutana kwenye banio, pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini. Wakakubaliana wale kiapo. Watachinja kondoo mmoja kwa kisu kimoja, mikono yao miwili ikiwa juu ya mpini mmoja, na damu ya kondoo itafunga damu ya watu.

"Kisu atafua Kajiru," akasema Mbonea.

"Na afue," akasema Senkondo. "Mpini je?"

"Mti wa kwetu ni mgumu."

"Mti wenu sishiki."

"Basi pembe ya ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

Wakaanza kupandishiana sauti. Kidogo kiapo cha amani kilete vita kabla hakijaliwa. Nakijwa, aliyekuwa amesimama na wanawake wa Juu, akasema, "Wazee wangu, nyati hana kijiji."

Wakageuka wote wakamtazama. Kweli, nyati hana kijiji.

Nakijwa akaingia msituni. Akatembea, akatembea, akatembea, mpaka akamkuta nyati mzee amelala kwenye dimbwi lililokauka, mbavu zinahesabika, pembe zake nyeusi zimeelemea ardhini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja na mkuki?"

"Sikuja na mkuki, babu."

"Umekuja na mbwa?"

"Sikuja na mbwa."

"Umekuja na haraka?"

Nakijwa akageuka akatazama njia ya nyumbani.

"Basi umekuja na kibaya kuliko mkuki na mbwa," akasema nyati. "Sema haja yako."

Nakijwa akasema yote: mfereji, mikuki, makaburi, kiapo. Nyati akasikiliza amefumba macho.

"Mimi ninakufa, mjukuu wangu," akasema. "Lakini nakufa polepole, kama pembe zangu zilivyoota. Nitekee maji nikiwa hai, na nikishakufa pembe ni zako."

Nakijwa akawa anakwenda mtoni na kibuyu, anarudi, anamnywesha. Siku ya mwisho nyati akamwambia, "Sikia. Ndani ya pembe kuna mfupa. Mfupa ni wangu, ganda ni lako. Usiung'oe kwa nguvu. Loweka mpaka uachie wenyewe. Ukishatoka, ganda nalo lina maji yake usiyoyaona. Usiyafukuze kwa jua. Usiyafukuze kwa moto. Lianike kivulini, uwe unaligonga kwa kidole na kuliuliza. Likisema bado, ni bado, hata aulize nani."

Akashusha pumzi, akafa. Nakijwa akazikata zile pembe mbili, akamfunika nyati kwa matawi, akarudi.

Akazitia pembe kwenye mtungi mkubwa wa maji nyuma ya kiwanda cha mumewe. Ee, ndugu zangu, harufu yake! Nyama iliyo kati ya mfupa na ganda huoza, na ikioza haimwonei mtu haya. Kuku walihama. Majirani waligeuza milango.

Nakijwa alikuwa na kaka mmoja huko Chini, jina lake Mrutu, mtu wa mizaha. Kwa kuwa wakuu walikuwa wamesimamisha mapigano wakingoja kiapo, Mrutu akapanda kumjulia hali dada yake. Akafika ameziba pua kwa jani la mgomba.

"Dada, mmefiwa mkashindwa kuzika?"

"Ni amani hiyo inaiva, kaka."

"Kama amani inanuka hivi, vita ilikuwa na nafuu." Wakacheka mpaka Kajiru akaacha kufua. Kabla ya kuondoka, Mrutu akaachilia pua, akainama juu ya mtungi, akatazama. "Ikiiva niite," akasema. "Nataka kuwa karibu siku hiyo."

Mfupa ukaachia. Nakijwa akazigonga pembe juu ya gogo, mifupa ikachomoka kama mguu unavyotoka kwenye kiatu kilicholowa. Akazikwangua ndani na nje, akazipaka nta kwenye ncha zake zisipasuke, akazitundika kivulini. Kisha akaigonga ya kwanza, akaimba:

*Pembe, pembe, umeiva?*

Nayo ikajibu:

*Bado mama, sijaiva.*
*Maji bado hayajanitoka,*
*Usinishike, nitavunjika.*

Mbonea akaja. "Tayari?" Nakijwa akagonga pembe. *Bado mama, sijaiva.* Mbonea akaondoka.

Senkondo akatuma mtu. "Tayari?" *Bado mama, sijaiva.* Mtu akarudi.

Mwezi ukafa, mwingine ukaandama. Maji ya mfereji yakapungua yakawa kama mate. Siku moja vijana wa Juu na vijana wa Chini wakakutana banioni, neno likazaa neno, na jua likiwa utosini maiti zikapelekwa Juu na maiti zikateremshwa Chini. Mbonea akaja mara ya tatu, na safari hii hakuuliza kama ni tayari. Aliweka miguuni pa Nakijwa nguo yenye damu.

"Huyu alikuwa mtoto wa dada yangu," akasema. "Wewe unangoja ganda likauke. Sisi tunangoja nini, mama? Tuishe?"

Nakijwa akatazama ile nguo. Nani angejibu "bado" mbele ya nguo ile? Akaitungua pembe ya kwanza, akaiweka juani. Jioni akaihamishia karibu na tanuri la Kajiru. Akaigonga kwa kidole. Ikajibu kwa sauti ndogo, kama mtoto mwenye homa: *Bado mama, sijaiva.* Hakuiuliza tena. Ikapinda, akainyoosha kwa nguvu. Ikatoa ufa mwembamba kama unywele, akauziba kwa nta na masizi. Akaisugua mpaka ikang'aa. Kajiru akaitazama, akamtazama mkewe.

"Ni nzuri," akasema Kajiru.

"Ni nzuri kuitazama," akasema Nakijwa.

Siku ya kiapo vijiji vyote vikakusanyika banioni. Mrutu alikuja pia. Hakungoja kuitwa. Akasimama karibu kabisa na mkuu wake Senkondo, akamkonyeza dada yake, akaziba pua kwa mzaha. Kondoo akalazwa. Mbonea akashika mpini kwa nyuma, Senkondo akashika kwa mbele, karibu na kisu chenyewe. Wakakandamiza.

Pembe ikasema *taa!* Mpini ukapasuka vipande viwili, kisu kikageuka, kikapita kwenye kiganja cha Senkondo mpaka mfupani.

Damu ya kwanza kumwagika haikuwa ya kondoo.

"Kisu kimetegwa!" ikapigwa kelele upande wa Chini. "Mhunzi wao, tego lao!"

Nakijwa akajitupa katikati. "Si tego! Ni mimi! Pembe haikuwa imekauka, ni mimi!" Lakini nani alimsikia? Mkuki una masikio? Mmoja ulitoka upande wa Juu, haukujulikana umetoka mkono wa nani, na Mrutu, aliyekuwa ameinama kumshika mkuu wake asianguke, ukamwingia ubavuni. Alipofika dada yake, Mrutu alikuwa ameshamaliza kusema chochote alichotaka kusema.

Watu wa Chini wakambeba wao. Nakijwa hakuruhusiwa kumzika kaka yake. Alikaa Juu, akasikiliza vilio vikipanda na upepo kutoka kwao alikozaliwa.

Kajiru akaichukua ile pembe ya pili, iliyokuwa bado inaning'inia kivulini. "Niitupe?" akamuuliza mkewe.

Nakijwa akaigusa ile pembe kwa kidole.

"Nyati alitoa mbili," akasema. "Moja nimeiua mimi. Hii nyingine haina kosa."

Akaichukua, akatoka nayo. Hakuipeleka Juu, wala hakuipeleka Chini. Akaenda banioni, mahali pale pale damu ilipokaukia, akajenga kibanda cha nyasi, akaitundika pembe kivulini, akaketi chini yake. Kila atakayekuja kuziba mfereji atapita mbele yake. Kila atakayekuja kubomoa atapita mbele yake.

Wakaja watu wa Juu na mikuki. "Toka hapo, mke wa Kajiru."

"Naanika mpini wa kiapo."

"Kiapo gani tena!"

"Hiki. Pembe ni hii tu iliyobaki, na anayejua kuitia kwenye kisu ni mimi tu. Mkitaka kupigana hapa, anzeni na mimi. Kisha mtafute nyati mwingine atakayewapa pembe yake kwa hiari."

Wakatazamana. Mmoja wao akauliza, kwa ukali lakini akauliza, "Lini itakuwa tayari?"

"Iulize mwenyewe."

Yule mtu, mkuki mkononi, akanyoosha kidole akaigonga. *Bado baba, sijaiva.* Akashtuka, akarudi nyuma. Wakaondoka wakinung'unika.

Wakaja watu wa Chini na mikuki. Walitaka kumpiga, wakakumbuka ni mtoto wao, na ni mfiwa. Wakaigonga pembe. *Bado baba, sijaiva.* Wakaondoka.

Walikuja na mikuki mara ya kwanza. Wakaja na mikuki na vibuyu mara ya pili, maana hata mwenye hasira ana kiu. Baadaye mikuki ikabaki nyumbani, kwa kuwa mkono wa kubeba mkuki ulitakiwa kubeba kibuyu. Mwanamke wa Juu na mwanamke wa Chini wakakutana mbele ya pembe, kila mmoja anamngoja mwenzake aigonge kwanza. Hawakusalimiana. Siku nyingine wakasalimiana. Siku nyingine mmoja akasema, "Leo imejibu kwa sauti nzito kidogo, au mimi tu?" Mwenzake akasema, "Hata mimi nimeisikia."

Msidhani Nakijwa alikuwa anafurahi. Kila aliyepita aliona mwanamke anayefinyanga moyo wake kwa vidole vyake mwenyewe. Asubuhi aliigeuza pembe, jioni aliigeuza pembe, na katikati ya asubuhi na jioni alimlilia Mrutu.

Kiangazi kikaisha. Vuli ikanyesha ikapita. Siku moja asubuhi, ukungu ukiinuka, akaigonga kwa kidole:

*Pembe, pembe, umeiva?*

Ikajibu kwa sauti kavu, safi, kama kengele ya mbuzi:

*Naam mama, nimeiva.*
*Maji yote yamenitoka,*
*Nishike sasa, sitavunjika.*

Nakijwa hakuishika. Alichukua donge la nta, akateremka Chini. Alikuwa hajakanyaga kule tangu msiba. Mbwa wakambwekea, watoto wakaingia ndani. Akapita mbele ya nyumba ya kaka yake, mlango umefungwa kwa miiba. Hakusimama, kwa sababu angesimama asingeendelea. Akafika kwa Senkondo, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

Senkondo akauingiza mkono mmoja ndani ya nguo. "Marahaba. Umefuata nini?"

"Mkono wako, baba."

"Upi? Huu mzima, au huu ulionikata wewe?"

"Huo niliokukata."

Mzee akautoa kwenye nguo. Kidonda kilikuwa kimepona vibaya. Vidole viwili havikunjiki, na kiganja kina mshipa wa nyama kama mzizi. "Huu haushiki tena kitu," akasema. "Haushiki jembe, haushiki tonge. Utashika kisu?"

"Mpini wa kawaida hautaushika. Ndiyo maana nimekuja na nta. Ufumbate hivyo hivyo unavyoweza. Nitachonga mpini uufuate."

Senkondo akamkazia macho. "Mwanangu, hujaniomba msamaha."

"Nimeogopa kuuomba, baba. Nikiuomba utaniuliza kama mimi nimejisamehe kwa ajili ya Mrutu, na sina jibu."

Mzee akageuza uso, akatazama migomba yake. Aliporudisha uso macho yalikuwa mekundu. Akanyoosha mkono ule mbovu, akaifumbata nta. Iliuma, ilionekana inauma, lakini akaifumbata mpaka alama za vidole zikakaa.

Nakijwa akapanda Juu. Mbonea naye akafumbata nta upande wa pili wa donge, bila swali.

Ndipo kazi ikaanza, pale pale banioni, watu wa vijiji vyote viwili wakiangalia. Nakijwa akaikata pembe pale kwenye ncha, ambako imeshiba haina uwazi. Akaipaka mafuta ya kondoo, akaizungusha juu ya makaa yasiyo na ndimi, akaizungusha, akaizungusha, mpaka ikalainika. Akaibana katikati ya mbao akaikunja taratibu ifuate ile nta. Akaiacha ipoe katika mbano wake. Kajiru akauchoma mkia wa kisu ukawa mwekundu, akauingiza ndani ya pembe, moshi wenye harufu ya nywele zilizoungua ukapanda, na mkia ukajipatia kitanda chake. Wakagongea misumari ya shaba. Akausugua mpini kwa majani ya msasa, kisha kwa majivu, kisha kwa mafuta na kiganja chake.

Ulikuwa mpini wa ajabu kuutazama. Umepinda, una mabonde na vilima, kwa mbele una shimo la kupokea mshipa wa nyama. Watu wakasema, "Mbona mbaya hivi?"

"Si wa kutazama," akasema Nakijwa.

Kondoo akalazwa. Mbonea akashika. Senkondo akashika, na mkono uliokuwa haushiki jembe wala tonge ukakaa kwenye mpini kama yai kwenye kiota. Kabla hawajakandamiza, Senkondo akasema, "Ngojeni. Nakijwa, njoo usimame hapa karibu yangu." Akamwonyesha pale alipokuwa amesimama Mrutu.

Nakijwa akaenda akasimama pale.

Wakuu wakakandamiza. Pembe haikusema kitu. Damu ya kondoo ikatiririka mferejini, maji yakaichukua yakaipitisha Juu, yakaipitisha Chini, na mawe yaliyoziba mfereji yakaondolewa na mikono ya pande zote mbili.

Watu wakapiga vigelegele. Nakijwa hakupiga kigelegele. Aliteremka Chini peke yake, na safari hii hakuna aliyemzuia, akaondoa miiba mlangoni pa kaka yake, akafagia uwanja, kisha akakaa kaburini akamlilia kwa sauti, kilio ambacho alikuwa amenyimwa. Wanawake wa Chini wakaja wakakaa naye. Wanawake wa Juu nao wakaja.

Hadithi imefika kwenye mpini, sina tena pa kushika. Mwenye kusikia amesikia: kinachokaushwa kwa hasira hupasukia mkononi mwa asiye na kosa. Na pembe ikikuambia bado, usitafute wa kukuambia tayari.

Ukiniuliza kama ni kweli, mimi mwenyewe nilikwenda kwa Nakijwa kuomba kipande cha pembe kilichobaki, kisu changu hakina mpini. Akaniambia, "Njoo kikikauka." Nimekwenda, nimekwenda, nimekwenda. Ndiyo maana mnaniona nakula nyama kwa meno.